Jinsi ya kutafuta miale ya gama kutoka kwa nova iliyolipuka karibuni: mwongozo kamili

Ripoti ninazoletewa na wanafunzi wa Kisumu, Kakamega na Njoro kuhusu nova mpya, yaani nyota zilizolipuka ghafla, zina kasoro zinazofanana. Programu imeendeshwa bila hitilafu, michoro inapendeza, na mwishoni mwandishi anatangaza kwamba amegundua miale ya gama (mwanga wenye nishati kubwa kupita yote), ilhali alichopata ni mwanga wa Njia Nyeupe, au chanzo jirani kilichosahaulika, au siku zilizochaguliwa baada ya data kuangaliwa. Wengine huangukia upande wa pili: wanapata sifuri na kuandika kwamba nova haikutoa chochote, kumbe darubini haikuwa ikielekea huko.

Darubini inayozungumziwa hapa ni LAT, ya miale ya gama, iliyo kwenye setilaiti ya Fermi ya Marekani na ambayo hutazama mbingu yote takriban kila baada ya saa 3. Data yake ni ya umma, na kazi yote yaweza kufanyika kwenye kipakatalishi kimoja. Mawingu ya ziwani hayana neno, kwa sababu miale hii haifiki ardhini kabisa.

Amri za programu ndizo sehemu rahisi. Kazi huharibikia kwenye maamuzi yanayopaswa kuandikwa kabla ya data kupakuliwa, yaani mahali, muda na kizingiti, na kwa hiyo nimezikalia hatua hizo kuliko nyingine.

## Vitu vya kuandaa

Kipakatalishi chenye Linux au macOS. Mwenye Windows atumie WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 hutosha kwa dirisha la wiki chache, ingawa 16 hupunguza maumivu.

Programu za Fermitools na Fermipy, za kuchambua data ya Fermi, zinazosakinishwa kwa visakinishi vya conda au mamba. Zisakinishe ukiwa kwenye mtandao wa chuo, kwa kuwa usakinishaji ni wa gigabaiti kadhaa na bando la simu litakuachia njiani.

Mafaili ya modeli: gll_iem_v07.fits kwa mwanga wa Njia Nyeupe, iso_P8R3_SOURCE_V3_v1.txt kwa mwanga unaotoka pande zote kwa usawa, na katalogi ya 4FGL-DR4 yenye vyanzo zaidi ya 7,000.

Taarifa ya nova yenyewe: mahali ilipo, tarehe ya ugunduzi, uthibitisho wa spektra (mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi), na vipimo vya mwangaza wa kawaida. Vipimo hivi hupatikana bure kutoka AAVSO, ambako waangalizi wa nyota wa dunia nzima huviweka.

Faili moja la maandishi ambamo utaandika maamuzi yako pamoja na tarehe. Lisidharauliwe, ndilo litakalokutetea msimamizi atakapouliza kwa nini ulichagua siku hizo na si nyingine.

Kabla ya kugusa nova mpya, fanya mazoezi kwa RS Ophiuchi iliyolipuka tarehe 8 Agosti 2021. Iling'aa sana kwa gama, na iko takriban digrii 10 juu ya bapa la Njia Nyeupe, kwa hiyo jibu lake linajulikana na kosa lolote litaonekana upesi. Mifano ya tarakimu humu ni yake.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ni nova

Si kila nyota iliyong'aa ghafla ni nova. Kuna nyota zinazobadilika kwa sababu nyingine, na kuna zile ziitwazo nova kibete, ambazo mlipuko wake ni wa diski ya gesi na si wa kinyuklia. Subiri spektra ithibitishe hidrojeni inayotoka kwa kasi. Taarifa yenye neno «huenda» isikuzuie kupakua data, lakini ikuzuie kutangaza.

Inafaa kujua unachokitafuta. Nyota kibete nyeupe hunyonya hidrojeni kutoka kwa mwenzake mpaka tabaka hilo linapowaka kinyuklia na kurushwa nje. Miale ya gama hutokea baadaye kidogo, pale gesi ya kasi inapougonga mkupuo wa taratibu uliotangulia, au upepo wa nyota jitu jekundu iliyo jirani, na mawimbi ya mshtuko yakaziharakisha chembe hadi nishati kubwa. Ndiyo maana saa ya gama haifuati saa ya ugunduzi.

## Hatua ya 2: Andika mahali kwa digrii

Taarifa nyingi hutoa mahali kwa saa, dakika na sekunde, wakati programu hutaka digrii. Saa moja ni digrii 15. RS Ophiuchi iko kwenye saa 17, dakika 50 na sekunde 13, yaani saa 17.837, ambazo zikizidishwa kwa 15 hutoa digrii 267.555, upande wa kusini ni digrii −6.708.

Nimeona ripoti ambamo 17.837 iliingizwa kama digrii. Programu haikulalamika. Ilichambua kwa utiifu kipande kingine kabisa cha mbingu, na mtiririko, yaani kiasi cha miale inayofika, ukawa sifuri.

Sasa funga mahali hapo. Mwanga wa kawaida hutoa mahali pa nova kwa usahihi ambao LAT haiwezi kuukaribia, hivyo hakuna sababu ya kuiacha programu ihamishe chanzo hadi penye kilele kizuri zaidi. Ukiiruhusu, kila kichuguu cha mwanga wa usuli, yaani ule usio wa nova, kilicho karibu kitageuka kuwa nova yako.

## Hatua ya 3: Geuza saa kwa uangalifu

Kosa hili ni la kwetu hasa, kwa sababu tunaishi na saa tatu kwa pamoja: ya UTC (saa ya kimataifa), ya Afrika Mashariki iliyo mbele kwa saa 3, na ya Kiswahili tunayoitamka kila siku. Chukua taarifa inayosema ugunduzi ulifanyika Agosti 8.75 UTC. Hiyo si saa 8 na dakika 75, wala si saa moja kasorobo. Ni robo tatu ya siku, yaani 18:00 UTC, ambayo Kisumu ni 21:00, saa tatu usiku. Taarifa ikisema 22:30 UTC, huku kwetu tarehe imekwisha kubadilika, na ni saa saba na nusu usiku ya siku inayofuata.

Andika kila kitu kwa UTC na uache saa ya ukutani.

Data ya Fermi hutumia sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa UTC wa tarehe 1 Januari 2001, pamoja na sekunde za nyongeza zilizowekwa katikati. Usiku wa manane wa UTC kuanza tarehe 8 Agosti 2021 ni siku 7,524 baadaye. Zidisha kwa 86,400 upate 650,073,600, kisha ongeza sekunde 5 za nyongeza: 650073605. Siku 15 ni sekunde 1,296,000, hivyo dirisha la mazoezi linaishia 651369605. Ukitumia saa ya Kenya kwa bahati mbaya utakosea kwa sekunde 10,800, ambazo si kitu kwa dirisha la siku 15, lakini kwa mchoro wa saa 6 kwa 6 ni nusu ya kila kipande.

Kikokotoo cha saa kipo kwenye tovuti ya NASA. Kitumie, lakini piga hesabu kwa mkono angalau mara moja ili ujue tarakimu sahihi inafananaje.

## Hatua ya 4: Chagua dirisha na kizingiti kabla ya kuona data

Ikiwa utafuata hatua moja tu kwa ukali, iwe hii.

Nova zilizogunduliwa mwanzoni na LAT, kuanzia V407 Cygni ya mwaka 2010, ziling'aa kwa gama kwa takriban wiki 2 hadi 3. RS Ophiuchi ilifuatilika kwa zaidi ya mwezi. V5856 Sagittarii ya mwaka 2016 ilikuwa kimya kwa gama mpaka takriban wiki 2 baada ya kugunduliwa, ndipo mwanga wake wa kawaida ulipofika kileleni na gama ikaonekana. V959 Monocerotis ilifanya kinyume: LAT iliiona Juni 2012, na mwanga wake wa kawaida ukagunduliwa Agosti, kwa sababu Jua lilikuwa limeikinga.

Kutokana na tabia hizo, mimi huandika madirisha mawili na si zaidi. La kwanza ni siku 15 kuanzia siku ya ugunduzi. La pili ni siku 15 kuanzia siku ambayo mwanga wa kawaida ulifika kileleni. Yakikaribiana kwa siku moja au mbili, naacha moja tu.

Kwa nini ubanwe hivyo? Kipimo kinachotumika ni TS, ambacho ni mara mbili ya tofauti ya logi ya uwezekano kati ya modeli yenye nova na modeli isiyo nayo. TS ya 9 ni sigma 3, na kwa bahati tupu hutokea takriban mara 1 kati ya 740. Tazama vipande 30 vya siku moja moja, na uwezekano wa kukiona angalau kimoja cha namna hiyo unapanda hadi asilimia 4 hivi. Ongeza tarehe kadhaa za kuanzia na urefu tofauti wa madirisha, na bahati hiyo inakuwa jambo la kutarajiwa.

Kizingiti cha kutangaza ugunduzi ni TS ya 25. Kati ya 9 na 25 tumia maneno «dalili dhaifu» na usiyapambe.

*Umefaulu hatua hii ikiwa* faili lako lina mahali, madirisha, kiwango cha nishati na kizingiti, na tarehe ya faili hilo ni ya kabla ya upakuaji.

## Hatua ya 5: Pakua data

Kwenye ukurasa wa data ya LAT wa NASA, ingiza mahali kwa digrii, nusu kipenyo cha digrii 20, muda kwa sekunde ulizokokotoa, na nishati kuanzia MeV 100 hadi MeV 300000 (MeV ni kipimo cha nishati ya kila chembe ya mwanga, yaani fotoni, na GeV 1 ni MeV 1,000). Weka alama kwenye mafaili ya fotoni na kwenye faili la chombo, ambalo hueleza setilaiti ilikuwa wapi na ilielekea wapi. Bila faili la chombo hakuna hesabu ya eksposha, yaani eneo la darubini likizidishwa kwa muda ilioutazama mahali hapo.

Stima ikipotea, kipakatalishi kitaendelea kwa betri lakini ruta itazimika. Tumia amri ya wget pamoja na alama ya -c ili upakuaji uendelee pale ulipokatikia. Kisha linganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa kwenye ukurasa, kwa maana faili lililokatika nusu laweza kufunguka bila kelele yoyote.

Kwa nova ya juzi kuna mtego mwingine. Data huingia kwa kawaida ndani ya saa chache, lakini si papo hapo. Soma saa ya mwisho iliyo kwenye kichwa cha faili, na ikiwa dirisha lako linaishia baada ya hapo, huna siku 15 bali huna budi kusubiri.

## Hatua ya 6: Chuja

Kwa amri ya gtselect ya Fermitools tumia evclass ya 128 na evtype ya 3 (aina ya fotoni za kuchukua), na zmax (pembe kubwa kabisa kutoka juu ya chombo) ya 90. Kwa gtmktime tumia kichujio cha (DATA_QUAL>0)&&(LAT_CONFIG==1). Mwenye Fermipy huandika thamani hizohizo kwenye faili la mipangilio.

Sababu ya zmax ni Dunia yenyewe. Ukingo wa angahewa, unaoonekana takriban digrii 113 kutoka juu kabisa ya chombo, hung'aa sana kwa gama, na kwa nishati ya MeV 100 LAT hutawanya picha ya chanzo kwa digrii 5 hivi. Ukiruhusu pembe kubwa zaidi, mwanga wa ukingo huo unamwagikia eneo lako.

Kata mraba wa digrii 21 kwa 21, ambao ndio unaotoshea ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha digrii 15, kwa pikseli za digrii 0.1 na vipande 8 au 10 vya nishati kwa kila mara kumi.

## Hatua ya 7: Kagua kama darubini ilikuwa ikitazama

Endesha gtltcube na gtexpcube2, kisha soma eksposha mahali pa nova, siku kwa siku. Wengi huruka hapa kwa sababu programu hukokotoa yenyewe na kuendelea mbele.

Mnamo tarehe 16 Machi 2018 bawa moja la sola la Fermi lilikwama, na tangu hapo chombo hakiwezi kutembeza macho kwa usawa wa zamani. Kuna siku ambapo sehemu fulani za mbingu hupata mwanga kidogo mno. V906 Carinae iligunduliwa siku chache tu baada ya tukio hilo, na siku zake za mwanzo hazina data ya LAT, ingawa baadaye ikawa miongoni mwa nova zilizong'aa sana kwa gama.

Piga hesabu ya haraka. Nova ya wastani yenye mtiririko wa fotoni 3×10⁻⁷ kwa sentimita mraba kwa sekunde, ikipata eksposha ya 10⁸, itakupa fotoni 30 hivi kwa jumla. Eksposha ikishuka mara kumi, unabaki na 3 zilizozama katikati ya mamia ya fotoni za usuli, na hapo sifuri yako haisemi lolote kuhusu nova.

Kagua pia umbali wa Jua na Mwezi, kwani vyote viwili hutoa gama. Jua hupita kwenye kundinyota la Mshale mwishoni mwa mwaka, na huko ndiko nova nyingi ziliko. Mwezi husogea takriban digrii 13 kwa siku, kwa hiyo unaweza kuwasha kipande kimoja cha mchoro wako na kuondoka, ukafanana kabisa na mlipuko wa siku moja. Siku ambazo kimojawapo kiko ndani ya digrii 5 hivi za nova ziweke pembeni.

## Hatua ya 8: Jenga modeli ya majirani

Hapa ndipo ugunduzi wa uongo huzaliwa. Katika bapa la Njia Nyeupe, kuitafuta nova ni kama kutaka kujua ikiwa karabai ya mvuvi mmoja wa omena imewaka leo ziwani, usiku wa ukungu, ambapo mamia ya taa nyingine zimeshawaka na kuingiliana: huna njia ila kujua kwanza kila taa iliyokuwapo jana.

Fermipy huvuta vyanzo vyote kutoka kwenye katalogi yenyewe. Chukua vilivyo hadi digrii 20 kutoka kwenye nova, hata vilivyo nje ya mraba, kwa sababu mwanga wao huvuka mpaka. Kisha amua kipi kiachwe huru na kipi kifungwe.

Dirisha la siku 15 lina fotoni chache, na modeli yenye vigezo huru 40 itayumba. Ninachoachia huru ni ukubwa wa mwanga wa Njia Nyeupe, ukubwa wa vyanzo angavu vilivyo ndani ya digrii 5, na vyanzo vyote vinavyojulikana kubadilika hata vikiwa mbali kidogo. Maumbo ya spektra nayafunga yote kama yalivyo katika katalogi.

RS Ophiuchi inafundisha vizuri hapa. Blazari (kiini angavu cha galaksi ya mbali) PKS 1741−03 iko zaidi kidogo ya digrii 3 kutoka kwake, na PKS 1730−13 iko chini ya digrii 8. Blazari hupanda na kushuka kwa siku chache. Ukizifunga kwenye wastani wa miaka 14 wa katalogi, mojawapo ikipanda, mwanga wake wa ziada utatafuta pa kwenda, na nova iliyo huru ndiyo itakayoupokea.

Onyo kwa nova za miaka ya nyuma: kwa kuwa katalogi imejumlisha data ya miaka 14 tangu 2008, mlipuko mkali wa kipindi hicho waweza kuwa umesajiliwa kama chanzo. Tazama kama kuna chochote palepale nova ilipo. Kikiwapo, kifute kabla ya kuweka chako, la sivyo vitagawana fotoni na TS yako itaporomoka.

Washa marekebisho ya mtawanyiko wa nishati kwa vyanzo vyote isipokuwa mwanga wa pande zote, ambao tayari ulipimwa kutokana na data yenyewe.

## Hatua ya 9: Linganisha modeli na data

Kwanza endesha ulinganisho bila nova. Hakikisha umefika mwisho kwa ubora wa 3, ambao ndio wa juu kabisa, kisha chora ramani ya mabaki, yaani data ukiondoa modeli. Ramani nzuri ni ya kuchosha, haina kilima wala shimo linalozidi sigma 3 au 4. Kilima kikionekana mbali na nova, huenda ni blazari isiyokuwa kwenye katalogi. Kiongeze kwenye modeli kabla ya kusonga.

Tafuta pia pulsa angavu (nyota ndogo nzito inayozunguka kwa kasi) ndani ya eneo lako, ikiwapo. Pulsa nyingi haziyumbi, kwa hiyo mtiririko utakaoupata unapaswa kukubaliana na wa katalogi ndani ya makosa ya kipimo. Usipokubaliana, kuna jambo uliloharibu katika hatua za nyuma, na kuendelea ni kupoteza stima.

Sasa ongeza nova kwa spektra rahisi ya kanuni ya nguvu (fotoni hupungua kadiri nishati inavyopanda), kielezi, yaani kasi ya kupungua huko, kikifungwa kwenye 2.2, na uache ukubwa tu uwe huru. Soma TS. Kwa mazoezi ya RS Ophiuchi inapaswa kuwa mamia au zaidi, na data yake itakudai spektra inayopinda badala ya mstari mnyoofu. Nova ya kawaida itakupa tarakimu ya unyenyekevu zaidi.

TS ikipita 25, chora ramani ya TS na ukadirie mahali pa kilele kwa amri ya gta.localize ya Fermipy, kama jaribio tu na bila kubadilisha mahali ulipofunga. Nova ikiwa nje ya duara la asilimia 99, kinachong'aa si yako.

Kisha rudia kuanzia MeV 300. Kwa kielezi cha 2.2, takriban robo ya fotoni za nova zinapaswa kubaki, ilhali picha za vyanzo hukonda sana kadiri nishati inavyopanda. Kwa GeV 1 mtawanyiko ni digrii 0.8 hivi. Ishara ya kweli hupungua kwa kiasi kinachotabirika. Ishara inayoishi kati ya MeV 100 na 200 pekee, na kufa juu yake, ni ya kushukiwa kwamba ni mwanga wa Njia Nyeupe uliokadiriwa vibaya. Nova ikiwa karibu na bapa, sukuma ukubwa wa mwanga huo juu na chini kwa asilimia 3 hivi na uone TS inavyopokea. Ikiyeyuka, usiitangaze.

## Hatua ya 10: Jaribu siku ambazo nova haikuwapo

Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha ripoti ya kuaminika na mchoro mzuri. Rudi miaka miwili nyuma ya mlipuko, kata madirisha yasiyopungua 20 yenye urefu uleule wa siku 15, na uendeshe uchambuzi uleule, mahali palepale, bila kubadilisha chochote.

Madirisha haya yanakuonyesha tabia ya usuli wa eneo hilo bila kutegemea nadharia ya vitabuni. Mengi yatatoa TS karibu na sifuri. Ikiwa baadhi yanafika 15 au 20 wakati nyota ilikuwa imelala, basi TS yako ya 27 haina uzito ulioudhania. Andika programu fupi iyaendeshe usiku kucha, na ihifadhi matokeo baada ya kila dirisha ili stima isikurudishe mwanzo.

## Hatua ya 11: Mchoro wa siku kwa siku

Fanya hivi baada ya hatua ya 10 na si kabla. Kata vipande vya siku moja, funga kila kitu isipokuwa nova na vyanzo vinavyobadilika, na popote TS iliposhuka chini ya 4 chora kikomo cha juu (mtiririko mkubwa kabisa ambao data bado inauruhusu) badala ya nukta. Weka eksposha ya kila siku chini ya mchoro huohuo.

Linganisha na mwanga wa kawaida wa AAVSO. Katika V906 Carinae mapando ya gama na ya mwanga wa kawaida yalikwenda sambamba, jambo lililoonyesha kwamba mawimbi ya mshtuko yalichangia sehemu kubwa ya mwanga wote. Usidai sambamba ya namna hiyo kwa nukta tatu.

## Hatua ya 12: Andika matokeo, hasa yakiwa hapana

Nova nyingi hazigunduliki kwa gama. Ziko mbali, au mshtuko wake ni hafifu. Kikomo cha juu kilichoandikwa sawasawa ni matokeo kamili, nacho kinahitaji mambo haya katika sentensi moja: mahali, tarehe za kuanza na kuisha kwa UTC, kiwango cha nishati, kielezi cha spektra ulichodhania, kikomo cha asilimia 95, na eksposha. Bila eksposha, msomaji hawezi kujua kama nova ilikuwa kimya au darubini ilikuwa imegeuka.

Ikiwa ni ugunduzi, taja idadi ya madirisha uliyojaribu na TS ya juu kabisa uliyoipata kwenye madirisha ya kulinganisha. Mpe msimamizi aendeshe upya kwenye tarakilishi nyingine kwa kutumia faili lako la mipangilio pekee. Asipopata tarakimu ileile, ripoti ingoje.

Kuhusu miale ya eksi, data ya setilaiti ya Swift ni ya umma pia, na Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza kina ukurasa unaochora mkondo wa mwanga bila kusakinisha chochote. Angalia tu usichanganye mambo: eksi laini sana zinazojitokeza wiki au miezi baadaye hutoka kwenye uso wa nyota kibete nyeupe unaoendelea kuwaka, si kwenye mshtuko. Nishati za juu zaidi ya LAT ni kazi ya darubini za ardhini, zinazonasa athari za miale hiyo angani, kama H.E.S.S. ya Namibia, ambayo iliinasa RS Ophiuchi mwaka 2021, lakini data zake haziko wazi kwa namna ya Fermi.

Dirisha la pili lisisahaulike. Ikiwa mwanga wa kawaida ulikuwa bado unapanda ulipofanya uchambuzi wa kwanza, weka tarehe ya kurudia kwenye faili lako, maana V5856 Sagittarii ingempita kando yeyote aliyeacha baada ya wiki ya kwanza.

Na kwa nova zinazojirudia hakuna haja ya kungoja taarifa. T Coronae Borealis ilionekana ikilipuka mwaka 1866 na tena 1946, na mahali pake panajulikana siku zote. Modeli ya majirani wa nova kama hiyo, pamoja na madirisha yake yote 20 ya kulinganisha, vyaweza kukamilishwa mapema, na faili la maamuzi likaandikwa likiwa na nafasi tupu ya tarehe tu. Siku taarifa itakapotoka, utakuwa umebakiwa na kupakua data, kukagua eksposha, na kuendesha hatua ya 9.